Stelingi Akifa, Je, Picha Imeharibika?

Mtu yeyote aliyekulia katika pwani hii yetu, kuanzia Kismayo kushuka Koyama, Chovai na Chula hadi Ras Kiamboni, anaijua kanuni moja ya sinema ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote. Kanuni hiyo ni kwamba stelingi hafi. Stelingi atapigwa, atafungwa kamba, atatiwa guniani na kutupwa baharini, ataachwa jangwani bila tone la maji. Lakini kufa, la hasha. Wanaokufa ni maadui zake, na pengine rafiki yake mmoja, ili stelingi apate sababu ya kulipiza kisasi. Mtoto wa miaka sita akiketi kutazama picha, swali lake la kwanza si hadithi hiyo inahusu nini, bali ni nani stelingi. Akishaonyeshwa, moyo wake hutulia, maana amekwisha kujua ni nani wa kumpenda bila hofu ya kumpoteza.

Kwa hiyo stelingi anapokufa, watazamaji hukasirika. Wengine huinuka kabla ya mwisho. Wengine humlaumu aliyeileta picha nyumbani, kana kwamba yeye ndiye aliyefyatua risasi. Kauli inayosikika ni moja tu, kwamba picha imeharibika.

Nimeona vyema wiki hii tulizungumze jambo hilo katika ukurasa wetu wa nyumbani, kwa sababu linagusa nyumba zetu kuliko linavyoonekana. Wengi kati ya wasomaji wa gazeti hili ni askari wa jeshi na wa polisi, pamoja na wake zao, waume zao, wazazi wao na watoto wao. Kwa watu kama hao kifo si jambo la kwenye kioo peke yake. Inafaa basi tujiulize: ni kifo gani hasa kinachoharibu picha, na kwa nini?

TULIVYOZOEA KUTAZAMA

Wazee wetu walikuwa wapenzi wakubwa wa picha za Kihindi. Mother India ya mwaka 1957, kisha Sholay na Deewaar, zote mbili za mwaka 1975, zilipendwa katika pwani yote ya Afrika Mashariki, na hata leo mzee aliyeziona zamani atakusimulia kisa kizima bila kuruka hatua, ingawa hajui neno la Kihindi.

Serikali kuu ilipoanguka mwaka 1991 na vita kuenea, familia nyingi za Wabajuni zilivuka kwenda Kenya kwa majahazi na mashua. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kubebwa. Nililelewa katika kambi ya Jomvu, nje kidogo ya Mombasa, na ilikuwa katika banda la video la mabati, si mbali na kambi, nilikoona picha kwa mara ya kwanza. Tulirudi visiwani ningali mtoto, nami baadaye nikavuka tena kwenda kusomea ualimu na kupata cheti. Sasa ni mtumishi wa serikali mjini Kismayo, katika mambo ya elimu.

Vijana wa leo huenda wasijue kwamba kutazama picha katika mji huu kulikuwa na wakati wake wa hatari. Al-Shabaab walipoushika mji wa Kismayo, kuanzia Agosti 2008 hadi mwaka 2012, sinema na muziki vilikuwa haramu, na mtu aliyeficha mkanda nyumbani alijua anaficha nini. Siku hizi picha husafiri ndani ya kadi ndogo ya simu, na visiwani seti huendeshwa kwa umeme wa jua.

Pia tumewazoea wafasiri. Wapo wanaozitia picha za Kihindi sauti za Kisomali, na wapo wanaosimulia kwa Kiswahili. Dar es Salaam alikuwapo Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kenya yupo DJ Afro. Mfasiri hodari hatafsiri maneno peke yake, bali huongoza mioyo ya watu. Nakumbuka yule wa banda letu la Jomvu. Stelingi alipoanguka, yeye aliwahi kusema, "Tulieni, huyu bado, ana kazi ya kufanya." Nasi tulitulia. Lakini zilikuwapo picha ambazo hata yeye alinyamaza, tukajua kwamba leo kanuni imevunjwa.

JAI NA LIYONGO

Malalamiko ya watazamaji si ya pwani hii tu, wala si ya leo. Mwaka 1952 Mehboob Khan alitengeneza picha iitwayo Aan. Ndani yake yumo msichana wa kijijini, Mangala, aliyechezwa na Nimmi. Inasimuliwa kwamba wafadhili na wasambazaji walipoonyeshwa picha hiyo kabla haijatolewa, waliteta kwamba Mangala anakufa mapema mno, na watu hawatakubali. Ikabidi itungwe ndoto ndefu, Mangala arudi tena ndani yake, ili watazamaji wapate kumwona kwa mara nyingine.

Mfano mkubwa zaidi ni Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy. Wasomaji wengi mnakijua kisa. Thakur Baldev Singh, ofisa wa polisi aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh, anawaajiri wahalifu wawili, Veeru na Jai, wamkamate jambazi huyo akiwa hai. Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, anakufa karibu na mwisho, akiwa amebaki peke yake kulizuia kundi la majambazi darajani ili mwenzake aokoke. Picha ilitolewa tarehe 15 Agosti 1975, na siku za mwanzo haikupata watu kama ilivyotarajiwa. Wahusika wakakutana, na moja ya mambo waliyoyafikiria ni kuupiga upya mwisho wa picha ili Jai apone. Wakaamua wasubiri kwanza siku chache. Waliposubiri, watu wakaja, na katika sinema ya Minerva mjini Bombay picha hiyo ikaonyeshwa kwa muda wa miaka mitano. Jai alibaki amekufa, na watu waliendelea kurudi kumwona akifa.

Kwa nini kifo hicho hakikuharibu picha? Nadhani ni kwa sababu kililipiwa. Tangu mwanzo tunaiona sarafu ya Jai, ambayo huirusha kila wanapotakiwa kuamua jambo. Ni baada ya kufa kwake ndipo Veeru anapoitazama na kuona kwamba pande zake zote mbili ni sawa. Yaani Jai hakuwa akibahatisha, alikuwa akichagua. Kisha yupo Radha, mjane wa mtoto wa Thakur, aliyekuwa ameanza kuona nuru tena kwa ajili ya Jai. Mwishoni anafunga dirisha lake. Hapana maneno. Kila aliyekuwa na haki ya kulia amepewa nafasi ya kulia.

Kwa kweli sisi Waswahili tulikuwa na somo hilo kabla ya sinema. Nani kati yetu hakijui kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijuma wa Lamu alikiandika kwa utendi mwaka 1913? Kila anayekisikiliza anajua tangu mwanzo kwamba Liyongo atakufa, kwamba hafi ila kwa sindano ya shaba ya kitovu, na kwamba atakayemchoma ni mwanawe mwenyewe, aliyehongwa kwa ahadi za cheo na mke. Hata hivyo tunasikiliza. Shujaa anapochomwa hatupelekwi mbio kwenye kisa kingine. Anatoka na upinde wake, anapiga goti karibu na kisima, anafia pale pale, na mji mzima unakaa na kiu kwa kuogopa kumkaribia, wakidhani bado yu hai. Mama yake anakuja kumbembeleza. Na yule mwana msaliti hapati alichoahidiwa. Anadharauliwa, anaugua, naye anakufa. Kifo kimoja kinabeba mji, mama na hukumu. Kisa kama hicho hakiwezi kusemwa kimeharibika.

Hivyo naona kwamba stelingi kufa, peke yake, si kosa. Tukilia, tumelizwa kwa haki.

MLANGO WA TITANIC

Lipo lalamiko la pili, nalo ni la kifo ambacho mtazamaji haamini kwamba kilikuwa cha lazima. Hapa wavuvi wetu ndio mabingwa wa kuteta, na picha wanayoitetea maneno ni Titanic ya James Cameron, ya mwaka 1997.

Meli yenyewe ilizama kweli, usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, na watu wapatao 1,500 walipotea. Katika picha, kijana Jack anampandisha mpenzi wake Rose juu ya kipande cha mbao kinachofanana na mlango. Yeye anajaribu kupanda, ubao unayumba, akaamua kubaki majini akaganda kwa baridi. Mjomba wangu mmoja, aliyevua kati ya Koyama na Ngumi tangu utotoni, hakuweza kuvumilia. "Bwana," alisema, "ubao huupandi, unaushika. Ubao kama ule ni watu sita. Huyu kijana hakuuawa na bahari, ameuawa na aliyetunga." Watu wa baraza wote wakamwunga mkono.

Nilimweleza mjomba, kwa adabu, kwamba bahari yetu ina joto la nyuzi 25 au zaidi, ambapo mtu huweza kushika ubao tangu usiku hadi jua la saa nne, ilhali maji yale yalikuwa chini ya nyuzi sifuri. Hakuridhika sana, na inaonekana hayuko peke yake duniani. Cameron aliulizwa juu ya mlango huo kwa miaka ishirini na mitano, hata mwaka 2023 akaonyesha majaribio aliyoyafanya kwa watu halisi ndani ya maji baridi. Ilionekana kwamba katika hali fulani Jack angeweza kupona. Hata hivyo mtengenezaji huyo ameshikilia kwamba hadithi ilimtaka afe.

Lalamiko hili nalo, kwa maoni yangu, haliharibu picha. Watu hawabishani kwa miaka ishirini na mitano juu ya mtu wasiyempenda. Mjomba wangu akiteta juu ya ubao, kwa hakika anafanya vile anavyofanya mvuvi yeyote baada ya chombo kuzama: anatafuta mahali ambapo mtu angeokolewa.

ALIYEKUFA KURUDI

Lalamiko la tatu ni la vijana wetu, nalo ni jepesi, kwa hiyo nitalipita upesi. Katika mfululizo wa picha za magari uitwao Fast and Furious, yumo kijana aitwaye Han, ambaye anakufa katika picha ya mwaka 2006. Mwaka 2013 tukaonyeshwa nani aliyemuua. Mwaka 2017 muuaji huyo huyo akawa rafiki wa wenzake Han, wakaketi naye meza moja wakala. Watazamaji duniani kote wakapiga kelele kwamba Han hakutendewa haki. Basi mwaka 2021 watengenezaji wakamrudisha Han, wakasema hakufa.

Vijana walishangilia. Mimi sikushangilia nao. Kumsahau aliyekufa mkaketi na muuaji wake ni kosa. Lakini kulisahihisha kosa hilo kwa kusema kwamba hakuna aliyekufa ni kukimbia deni. Katika nyumba ambamo mtoto bado huwa anaamka usiku na kutazama mlangoni, picha inayosema waliokufa hurudi si mchezo.

SWALI LA MTOTO

Sasa nifike kwenye kifo ambacho, kwangu mimi, ndicho kinachoharibu picha kuliko vyote. Hakimo katika malalamiko ya barazani, kwa kuwa hutokea upesi mno hata watu hawana nafasi ya kulalamika.

Nyumbani kwetu naishi na mume wangu na wanetu wawili. Chumba cha pili anaishi wifi yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, pamoja na mwanawe. Kaka yangu alikuwa askari polisi. Aliuawa kazini kwa bomu lililotegwa njiani, mtoto wake akiwa na miaka minne. Sasa ana miaka kumi na mmoja.

Jioni moja ya Alhamisi watoto walileta picha ya mapigano, mojawapo ya zile ambazo majina yao husahaulika kabla ya asubuhi. Stelingi alikuwa akitafutwa na serikali kwa kosa ambalo hakulitenda. Ili aingie katika jumba fulani, alipaswa kupita langoni. Langoni palikuwa na askari mmoja, mwenye kikombe mkononi. Stelingi alimpiga risasi moja, akamvuta pembeni kwa miguu, akachukua funguo, akaendelea na safari yake. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko ninaoutumia kuyaandika. Wanangu walipiga makofi.

Mpwa wangu aliuliza, "Shangazi, yule askari wa langoni, watoto wake wameambiwa?"

Mwanangu mkubwa akamjibu kwamba yule si stelingi.

"Najua," alisema.

Wifi yangu alikuwa ameketi mlangoni na ungo, akichagua mchele. Mikono yake ilisimama. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Wataambiwa, baba. Kuna mtu atakwenda."

"Mbona hawaonyeshi?"

Hapana aliyekuwa na jibu. Picha iliendelea, stelingi akakimbia juu ya mapaa, gari likalipuka, lakini hakuna tena aliyepiga makofi. Mimi nilikuwa nikiwaona askari wawili waliokuja kwetu siku ile baada ya sala ya Alasiri. Mmoja alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akasimama kizingitini asiweze kusema neno, hata mama yetu ndiye aliyemsaidia kwa kumuuliza, "Ni mwanangu?" Hiyo ndiyo sehemu ambayo picha haikuonyesha. Kwa watu wa nyumba yetu hiyo si sehemu ndogo iliyoachwa. Hiyo ndiyo picha yenyewe.

Nimefikiri sana tangu jioni hiyo. Kifo cha Jai kilituumiza lakini hakikuharibu kitu. Kifo cha askari wa langoni hakikumuumiza mtu, na kwa sababu hiyo ndicho kilichoharibu. Mtungaji alihitaji lango lifunguke, akatoa uhai wa mtu kama mtu atoavyo sarafu ya nauli. Akishautoa hauulizi tena.

WASIO NA MAJINA

Sisi watu wa nchi hii tumekwisha kuonyeshwa jambo hilo kwa kipimo kikubwa. Mwaka 2001 ilitolewa picha iitwayo Black Hawk Down, iliyoongozwa na Ridley Scott na kupigwa nchini Morocco, juu ya mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Askari wa Kimarekani ndani ya picha hiyo wana majina, wana michoro mezani, wana jamaa wa kupigiwa simu. Wanapokufa, wenzao huwashika mkono. Mwishoni majina yao huandikwa moja baada ya moja. Wasomali wanaokufa ndani yake ni mamia, nao mwishoni wanatajwa kwa hesabu tu.

Sisemi kwamba kuwataja wale kulikuwa kosa. Askari aliyekufa anastahili kutajwa jina, awe wa taifa lolote, na wasomaji wa gazeti hili wanalijua hilo kuliko mimi. Nasema tu kwamba mtazamaji wa Mogadishu au wa Kismayo hana budi kujiuliza swali lile lile la mpwa wangu, na kwamba akishajiuliza, picha hairudi kuwa nzima.

Wala jambo hili si kwamba haliwezekani. Mtungaji akitaka, mtu mdogo kabisa hupewa haki yake. Turudi kwenye Sholay. Mbali na Jai, yumo kijana aitwaye Ahmed, mtoto wa imamu kipofu wa kijiji. Humwoni ila mara chache. Baba yake amemlazimisha kwenda mjini kushika kazi, na majambazi wanamuua njiani, na farasi anamrudisha maiti. Hapo picha nzima inasimama. Watu wa kijiji wamekusanyika, hakuna anayethubutu kusema. Yule mzee asiyeona anatembea kati yao kwa fimbo yake, akiuliza kwa nini kumekuwa kimya namna hii, mpaka mkono wake unafika juu ya mwili wa mwanawe. Kisha, watu wanapotaka kuwafukuza Veeru na Jai kwa hofu, ni mzee huyo mfiwa anayewaaibisha kwa ujasiri wake. Ahmed hakuwa stelingi wa kitu chochote, lakini kifo chake ndicho kinachoamua msimamo wa kijiji kizima.

Wiki chache baada ya ile jioni niliwawekea watoto Sholay. Nilikuwa na wasiwasi, nikakaa karibu na mpwa wangu. Alitazama sehemu ya imamu mpaka mwisho bila kuinuka. Alisema neno moja tu: "Huyu ameambiwa."

Baadaye tuliitazama pia Deewaar ya Yash Chopra, ambayo ningewasihi polisi wote na wake zao waitazame pamoja. Ndugu wawili: Ravi ni ofisa wa polisi, Vijay ni mhalifu. Ravi analazimika kumfyatulia risasi ndugu yake, na Vijay anafia mikononi mwa mama yao. Kisa chote kimewekwa ndani ya sherehe ambayo Ravi anapewa nishani kwa kazi yake, naye anataka nishani hiyo ipokewe na mama. Mtazamaji anayaona makofi, na anaona uso wa mwanamke ambaye watoto wake wote wawili wamo ndani ya nishani hiyo. Wifi yangu aliitazama kimya, kisha akasema kwamba aliyetunga picha ile bila shaka aliwahi kuketi matangani.

NYUMBANI TUFANYEJE?

Picha hatutaacha kutazama, wala sioni sababu ya kuacha. Lakini yapo mambo machache ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, tusiwaache watoto peke yao na picha za mapigano, hasa katika nyumba zilizofiwa. Si lazima tuzizime. Mtoto akiuliza swali, tumjibu kwa kweli kama wifi yangu alivyojibu, wala tusimwambie "hiyo ni picha tu." Anajua ni picha. Anachouliza ni kingine.

Pili, tuwazoeze kuuliza nani amebaki. Kwetu sasa ni desturi: mtu akianguka ndani ya picha, awe adui au mlinzi wa mlango, mmoja wa watoto husimamisha, na mwingine humtungia jina, mji na watu wa nyumbani kwake. Mara nyingine huwa ni mchezo wa kuchekesha. Mara nyingine huwa si mchezo. Picha ya saa mbili huchukua saa tatu. Nimeona kwamba makofi ya risasi yamepungua bila mimi kukemea.

Tatu, nasema na wake wa askari na na akina mama. Mume au kijana akirudi kutoka kazini, msimlazimishe kutazama vita kwenye kioo kwa kudhani kwamba hiyo ndiyo starehe ya askari. Wako wanaopenda, wako wasioweza. Akitoka nje katikati ya picha kwenda kuvuta hewa, asichekwe, na watoto wasiambiwe kwamba baba ameogopa. Ami yao mmoja, askari wa miaka mingi, hutazama michezo ya mpira peke yake. Alituambia sababu mara moja, nasi tulimwelewa.

Nne, nasema na vijana wetu wa Kismayo ambao siku hizi hupiga michezo mifupi kwa simu zao. Nimeiona baadhi, na mna akili na ujasiri. Nawaomba jambo moja dogo. Mkihitaji mlinzi wa langoni afe, mpeni jina kwanza. Mwacheni ampigie mkewe simu, aulize kama samaki wamefika sokoni na kama mtoto amekwenda chuoni. Mchezo utakuwa mrefu kwa dakika moja. Kisha mtazame wenyewe kama bado mnataka kumuua, au kama ipo njia nyingine ya kulifungua lango.

Wasomaji mlio na picha iliyowaharibikia kwa namna hii, tuandikieni katika ukurasa huu. Tajeni jina la picha na aliyekufa ndani yake, hata kama alionekana kwa nusu dakika tu, na hata kama jina lake hamkulisikia.